Foleni ya Wateja Wakubwa wa Umeme: Njia Nne za Kuipanga Upya

Mwenye nyumba akiomba umeme, fundi anakuja na ngazi, waya na mita, na jioni taa zinawaka. Anayeomba megawati 100 ni habari nyingine kabisa. Huo ni umeme wa mji mzima, naye anautaka mahali pamoja, usiku na mchana, ndani ya miaka miwili, kwa sababu kufikia hapo jengo lake la kompyuta litakuwa tayari. Laini mpya ya msongo mkubwa, tangu michoro na fidia za ardhi hadi nguzo ya mwisho, inaweza kula miaka kumi. Foleni inazaliwa hapo, kati ya miwili na kumi.

Kwa muda mrefu kanuni ilikuwa moja: aliyetangulia kuomba ndiye anayetangulia kufanyiwa upembuzi. Ilitosha enzi ambazo mteja mkubwa alikuwa kinu cha chuma au mgodi, tena mmoja baada ya miaka kadhaa. Vituo vya data, yaani majengo hayo ya kompyuta, vimeivuruga. Huko Texas, kufikia mwisho wa 2025 maombi ya wateja wakubwa yalikuwa yamepita megawati 200,000, ilhali rekodi ya matumizi ya gridi hiyo, iliyowekwa Agosti 2023, ni megawati 85,500 hivi. Maana yake karibu jimbo zima pamoja na viyoyozi vyake, kiangazi kikiwa kimepamba moto, halifiki hata nusu ya kinachoombwa. Hakuna mhandisi anayeamini kwamba yote hayo yatajengwa. Mengi ni miradi hewa: mwekezaji mmoja anaomba sehemu tano, anangoja kuona ipi itaitika, kisha anaziacha nne. Ni kama mtu aliyeacha ndoo kwenye foleni tano za maji akaenda kulala.

Ndiyo maana mageuzi yanazungumzwa kila upande. Oktoba 2025, Waziri wa Nishati wa Marekani, Chris Wright, aliiagiza tume ya taifa ya udhibiti wa nishati, FERC, ianze kutunga kanuni za kuwaunganisha wateja wanaozidi megawati 20 kwenye laini za usafirishaji, eneo ambalo kwa desturi liliachiwa majimbo. Ireland na Uholanzi zilikwisha kuchukua njia zao. Makala haya ni ya yule ambaye lazima achague au atoe maoni: ofisa wa mamlaka ya udhibiti, mshauri wa wizara, diwani, au meneja wa kiwanda aliyeletewa rasimu ya kanuni na kuambiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi.

## Vigezo, na swali linalovitangulia

Nitazipima njia nne kwa vigezo vitano. Kasi: mteja wa kweli anapata umeme baada ya muda gani? Gharama: nani anabeba bili ya laini na transfoma mpya, na nani anabaki nayo mteja akiondoka? Uimara: gridi inabaki salama siku ya shida? Anayeachwa: nani anasukumwa nyuma? Usimamizi: njia hii inahitaji watumishi na ubishi kiasi gani?

Lakini kabla ya vigezo kuna swali ambalo rasimu nyingi huliruka: foleni yako inaumwa nini? Kuna foleni iliyojaa hewa. Kuna gridi yenye nafasi tele isipokuwa saa chache za mwaka. Na kuna gridi iliyojaa kweli, kwamba waya au mitambo haitoshi hata siku ya kawaida. Kwa macho ya anayesubiri, yote matatu yanafanana. Tiba zake hazifanani.

## Njia ya kwanza: dhamana kabla ya namba

Foleni inabaki ya aliyetangulia, ila kushika nafasi kuna bei. Mwombaji analipa ada ya upembuzi, anaonyesha hati ya ardhi, anaweka dhamana, na anasaini kulipia sehemu kubwa ya umeme alioomba hata asipoutumia. Sheria ya Texas ya Juni 2025, iitwayo SB 6, inawahusu wateja wa megawati 75 kwenda juu. Inadai ada ya upembuzi isiyopungua dola 100,000, na mwombaji aseme wazi kama ana ombi linalofanana na hilo kwingine ndani ya jimbo.

Ohio walikwenda mbali zaidi. Julai 2025 mdhibiti wa jimbo aliidhinisha utaratibu wa kampuni ya AEP Ohio: kituo kipya cha data kinachozidi megawati 25 kilipie angalau asilimia 85 ya umeme kilioomba kila mwezi, kwa hadi miaka 12, ikiwamo minne ya kupandisha matumizi taratibu. Maombi yaliyokuwa megawati 30,000 yakabaki 13,000. Hakuna nguzo iliyosimikwa wala mtambo uliowashwa. Kalamu na mkataba tu, na megawati 17,000 zikayeyuka.

Kasi. Waliobaki wanasogea mbele haraka. Lakini kama hao waliobaki bado wanazidi uwezo wa gridi, wanasogea kuelekea ukuta uleule.

Gharama. Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Kampuni ya umeme ikijenga kituo cha kupoza umeme kwa ajili ya mteja mmoja, na mteja huyo akafilisika au akahama mwaka wa tano, kituo hakihami naye. Deni linabaki kwenye bili za wakazi. Mkataba wa miaka 12 unaliziba pengo hilo kwa sehemu kubwa.

Uimara. Haina la kusema.

Anayeachwa. Mwenye mradi wa kweli lakini mtaji mwembamba. Dhamana ambayo kampuni kubwa ya teknolojia inaiona kama nauli ya basi inaweza kumsimamisha mwenye kiwanda cha kati aliye tayari kuajiri watu mia tatu.

Usimamizi. Mwepesi kuliko zote. Karani anaangalia ada, hati, tarehe na saini. Kazi ngumu ni kupanga kiwango: kikiwa kidogo hakimtishi mtu, kikiwa kikubwa kinawaachia uwanja matajiri peke yao.

## Njia ya pili: kipaumbele kwa manufaa ya umma

Uholanzi ilifika mahali ambapo wateja wakubwa zaidi ya 10,000 walikuwa wakisubiri, na katika maeneo mengi jibu lilikuwa moja tu: gridi imejaa. Tangu Oktoba 2024, mamlaka ya udhibiti ya nchi hiyo, ACM, imewaruhusu waendesha gridi kuwatanguliza baadhi ya waombaji. Wa kwanza ni wanaopunguza msongamano wenyewe, mfano betri kubwa zinazochaji gridi ikiwa na nafasi na kurudisha umeme ikielemewa. Wanafuata wa usalama, kama polisi, jeshi na hospitali za dharura. Kisha mahitaji ya msingi, kama maji ya kunywa, shule na makazi.

Kasi. Hospitali inawahi, wengine wote wanachelewa kwa kiasi hichohicho. Keki haijaongezeka, imekatwa upya.

Gharama. Kipaumbele hakigusi mfuko wa mtu, kwa hiyo lazima kiambatane na kanuni nyingine.

Uimara. Kuna nafuu kidogo, kwa sababu kundi la kwanza ni la wanaoipunguzia gridi mzigo.

Anayeachwa. Biashara ya kawaida, isiyo hospitali wala betri, inayotaka tu kubadilisha tanuri la gesi kuwa la umeme. Hata azma ya kuachana na gesi inaweza kukwama hapo.

Usimamizi. Mgumu kupita kiasi. Ukishatangaza kwamba hospitali zinatangulia, kila mwombaji anagundua kwamba yeye kwa namna fulani ni hospitali. Kituo cha data kitasema kinahifadhi mafaili ya wagonjwa, na hakitakuwa kinadanganya. Inahitajika mamlaka yenye mgongo, sheria iliyoandikwa vizuri, na uvumilivu wa kushtakiwa.

Hata hivyo, kwa gridi iliyojaa kweli, kukataa kuchagua nako ni kuchagua: umechagua tarehe ya barua iamue nani apate maji ya bomba na nani apate seva.

## Njia ya tatu: ungana mapema, ukubali kupunguziwa

Gridi hujengwa kwa ajili ya saa mbaya kuliko zote za mwaka. Alasiri moja ya joto kali, au alfajiri moja ya baridi kali, ndiyo inayoamua ukubwa wa mitambo na waya. Saa nyingine zote kuna nafasi. Ni daraja lenye njia nane lililojengwa kwa sababu ya msongamano wa mkesha wa sikukuu. Mteja akisema "siku hiyo nitakaa nyumbani," mwendesha gridi anaweza kumpokea leo bila kungoja daraja la pili.

Februari 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipiga hesabu hiyo kwa mifumo mikubwa ya Marekani. Wakaona kwamba wateja wapya wakikubali kupunguziwa kwa wastani wa asilimia 0.25 ya umeme wao wa mwaka, gridi zilizopo zinaweza kubeba megawati 76,000 za ziada. Asilimia 0.25 ni sawa na kuzima kabisa kwa saa 22 hivi kwa mwaka, ingawa kwa kawaida ingekuwa kupunguza kidogo kwa saa nyingi zaidi. Angalizo moja muhimu: hesabu hiyo iliangalia uwezo wa kuzalisha, haikuingiza vizuizi vya laini za usafirishaji. Mahali ambapo kinachobana ni waya wenyewe, usiinukuu.

Uholanzi wana mkataba wa aina hii: mteja anahakikishiwa kusafirishiwa umeme angalau asilimia 85 ya saa za mwaka, kwa tozo nafuu, na saa zilizobaki mwendesha gridi anaweza kumfungia. Na barua ya Wright kwa FERC ilipendekeza upembuzi wa siku 60 kwa mteja anayekubali kupunguziwa. Kwa anayejua foleni za miaka, siku 60 ni muujiza.

Kasi. Inaongoza, mradi kinachokosekana ni saa chache tu.

Gharama. Nafuu kwa wote, kwa sharti moja: mteja asilipwe mara mbili. Agosti 2023 kampuni ya Riot, inayochimba bitcoin Texas, ilipata dola milioni 31.7 za nafuu na malipo kwa kupunguza matumizi ya umeme, zaidi ya thamani ya bitcoin ilizochimba mwezi huo. Taratibu ziliruhusu, na gridi ilisaidika kweli. Lakini aliyeunganishwa mapema kwa sababu aliahidi kupunguziwa akilipwa tena kwa kutimiza ahadi ileile, wenye bili ndogo wana haki ya kuuliza.

Uimara. Unategemea neno moja katika mkataba: nani anashika swichi? Kama ni mteja mwenyewe, baada ya kupigiwa simu, hiyo ni ahadi. Kama ni mwendesha gridi, kwa kifaa kilichofungwa kabla umeme haujawashwa, hicho ni kinga. Texas sasa inadai kwamba wateja wakubwa watakaounganishwa baada ya 31 Desemba 2025 wawe na namna ya kuzimwa dharura ikitokea.

Anayeachwa. Wale ambao kazi yao haiwezi kusimama. Kiyeyusho cha aluminiamu kinaweza kupunguza kwa muda mfupi, lakini saa zikipita, metali iliyoyeyuka inagandia ndani ya vyungu. Desemba 2016 kiyeyusho cha Portland, jimboni Victoria, Australia, kilikatikiwa umeme kwa saa kadhaa. Sehemu kubwa ya vyungu viliganda na uzalishaji ukaporomoka. Vituo vya data navyo vinatofautiana. Kufundisha modeli za akili mnemba kunaweza kusubiri hadi usiku, na mwaka 2025 Google ilitangaza makubaliano ya kuahirisha kazi za aina hiyo na kampuni za umeme huko Indiana na Tennessee. Kituo kinachopitisha malipo ya benki hakisubiri.

Usimamizi. Wa kati. Inahitajika mita sahihi, programu ya kutabiri saa za kilele, na adhabu inayouma kwa asiyepungua anapoambiwa.

## Njia ya nne: njoo na umeme wako

Mteja analeta mtambo au betri yake, au anajenga ubavuni mwa mtambo uliopo. Ireland ndiyo mfano unaotajwa zaidi, na kwa sababu: vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wa nchi mwaka 2015, na kufikia 2023 vilikuwa asilimia 21. Desemba 2025 mdhibiti wa huko, CRU, alitoa uamuzi kwamba kituo kipya cha data kiwe na mitambo au hifadhi ya umeme, papo hapo au jirani, inayolingana na kiasi kinachoombwa, na asilimia 80 ya matumizi yake ya mwaka ilinganishwe na umeme jadidifu mpya uliozalishwa nchini humo.

Kasi. Inadanganya. Unakwepa foleni ya gridi, unaingia foleni ya mitambo, kwa maana turbini kubwa za gesi nazo siku hizi husubiriwa kwa miaka. Paneli za jua na betri hufika mapema zaidi, ila zinataka ardhi kubwa na hazitoshi peke yake kwa mtu anayetaka umeme usiku na mchana.

Gharama. Kwa nje inaonekana safi: anayetaka, ajigharimie. Ugomvi uko ndani. Novemba 2024 FERC iliyakataa marekebisho ya mkataba ambayo yangepandisha kutoka megawati 300 hadi 480 umeme wa kituo cha data cha Amazon kilicho ubavuni mwa mtambo wa nyuklia wa Susquehanna, Pennsylvania. Moja ya hoja za wapinzani ilikuwa kwamba aliyejibanza kwenye mtambo bado anaiegemea gridi, kwa hiyo asikwepe tozo zake. Na kuna la pili: mtambo uliokuwa ukiwalisha wote, ukigeuzwa kuwa wa mmoja, wengine wanabaki kugombania kilichobaki.

Uimara. Mzuri sana kama mtambo unaweza kuisaidia gridi siku ya shida. Kama umejifungia kwa mteja peke yake, faida kwa jirani ni sifuri.

Anayeachwa. Asiye na uwezo wa kujenga mtambo, yaani karibu kila mtu. Pia majirani: jenereta za gesi zina moshi na kelele, na kibali cha mazingira hakiombwi kwa niaba yao.

Usimamizi. Vibali viwili badala ya kimoja, wakaguzi wawili, na hesabu ngumu ya kujua nani ametumia gridi kiasi gani.

## Jambo ambalo njia zote nne hulipita

Tarehe 10 Julai 2024, kaskazini mwa Virginia, kikinga radi kwenye laini ya kilovolti 230 kiliharibika. Laini ikajikata, ikajaribu kujirudisha, ikajikata tena, kama ilivyopangwa, na gridi ikapata mitikisiko sita mfululizo. Nyumbani taa zingepepesa tu. Lakini betri za dharura za vituo vya data vya eneo hilo zilikuwa zimepangwa kuhesabu: mitikisiko mitatu ndani ya dakika moja, jitoe kwenye gridi. Zikahesabu, zikajitoa, na megawati 1,500 hivi zikatoweka kwa pamoja. Mitambo ikabaki inazalisha umeme usio na mlaji, volti zikapanda, na wahandisi wakakimbizana kuzishusha. Kurudi hakukuwa kwa otomatiki. Ilibidi watu waviunganishe tena kwa mkono.

Hakuna dhamana, kipaumbele wala mkataba wa kupunguziwa ambao ungezuia hilo. Hata jenereta ya mteja ndiyo ilimpa mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo, uchague njia yoyote, weka sharti la mteja kuvumilia mtikisiko mdogo na kurudi kwa mpangilio. Kanuni za namna hiyo zimewabana wenye mitambo kwa miaka mingi. Walaji hawakuwahi kuwa wakubwa kiasi cha kubanwa.

## Sasa wewe uko wapi?

Kama maombi yanazidi mara kadhaa kilele cha gridi yako, na waombaji wengi hawana hata kiwanja, anza na dhamana. Usipoteze wahandisi kupembua miradi hewa. Weka kiwango cha chini kwa wateja wa kati, au wagawie awamu za malipo, ili usiwachuje pamoja na hewa.

Kama grafu ya matumizi yako ina mlima mmoja mkali na tambarare ndefu, mkataba wa kupunguziwa utakupa megawati ambazo tayari umezilipia. Andika nani anashika swichi kabla hujaandika bei.

Kama waya wenyewe umejaa mwaka mzima, hakuna ujanja wa mikataba utakaoleta laini. Kipaumbele kinakuwa cha lazima, na kuomba wateja waje na betri kunapunguza maumivu. Hapa mimi ningeanza na orodha fupi sana, makundi mawili au matatu, kwa sababu orodha ya kipaumbele haijawahi kupungua baada ya kutangazwa.

Kama kinachokosekana ni mitambo, laini zipo, njia ya nne ina mantiki, kwa sharti kwamba mtambo wa mteja uunganishwe na soko na uweze kuitwa siku ya dharura.

Kama wewe ni diwani ambaye kituo cha data kinakuja kwenye eneo lako, hutachagua njia yoyote kati ya hizi. Utaletewa iliyokwisha kuchaguliwa. Uliza mkataba unamfunga mteja miaka mingapi, na uliza jenereta zake za dharura ni ngapi na zinaruhusiwa kuunguruma saa ngapi kwa mwaka. Majibu yawe kwa maandishi.

Kama wewe ni mteja wa megawati 20 au 30, si mdogo wala si jitu, rasimu nyingi zitakukuta katikati. Pima shughuli zako zote kwa wiki mbili na utenganishe zinazoweza kulala kwa saa mbili na zisizoweza. Wengi hawajawahi kufanya hesabu hiyo. Ukiingia kwenye kikao cha maoni na karatasi inayosema "megawati 6 kati ya 25 zinaweza kuzimwa kwa notisi ya dakika 30," utakuwa na cha kubadilishana na nafasi ya mbele.